Mwaka wa Ila

Siku tulipomzika Mwalimu Rajabu, nilikuwa nimesimama kando ya kaburi na udongo mkononi, mtu ambaye sikumwona kwa miaka mingi akanigusa bega. "Habari za siku nyingi, Mwalimu Hamidu?" Nikamjibu, "Nzuri." Naye akaitikia, "Alhamdulillahi," tukaendelea kumfukia marehemu. Nilikuwa nimeshafika nyumbani kwake, nimeketi mkekani nangoja wali wa msiba, ndipo neno lile liliponirudi na nikaanza kucheka peke yangu hata jirani yangu akanisukumia glasi ya maji akidhani ni kwikwi. Nzuri! Kifuani nilikuwa na jiwe, machoni nilikuwa na vumbi la makaburini na machozi, na mdomo wangu ulijibu wenyewe kama mlango unaofunguliwa na upepo. Mimi na marehemu tuligombana karibu mwaka mzima juu ya jibu hilo hilo. Ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote niliyofundisha, na nadhani ndio ulionifanya mwalimu, kwa sababu kabla yake nilikuwa msomi tu aliyepewa chaki.

Nilikozaliwa na nilivyolelewa hakuhusiki hapa. Nianzie siku niliyoshuka Temeke na sanduku la bati, nimetoka chuo kikuu Uganda na shahada, tai mbili, na kiburi ambacho kisingeenea sandukuni. Mwingereza alikuwa bado anatawala, lakini hewa ilikuwa imeanza kubadilika. Temeke yenyewe ilinuka saruji mbichi. Nyumba za kota zilikuwa zinasimamishwa kwa mistari, na kati ya mstari na mstari bado kulikuwa na mihogo ya watu ambao hawakuwa na haraka ya kuing'oa. Barazani siasa ilizungumzwa kwa sauti ya chini, lakini kila wiki sauti ile ilipanda kidogo, na ulipofika mwezi wa mfungo watu walikuwa wanabishana waziwazi baada ya futari, vikombe vya kahawa mkononi. Nilikuwa silali vizuri kwa furaha. Niliona kila kitu duniani kinaweza kuulizwa upya: kwa nini mtoto asimame mwalimu anapoingia, kwa nini tufundishe mito ya Uingereza, kwa nini ubao uwe mweusi. Wanafunzi hawakumaliza juma la kwanza kabla ya kunibatiza Mwalimu Kwanini.

Nilipanga chumba kwa Bi Tatu, mama wa Kizaramo aliyekaanga maandazi na kupika mbaazi za nazi uani kwake. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zote, ukumbi katikati na vyumba vikitazamana, ila kuta zake hazikufika juu kwenye bati. Nani kagombana na mkewe, nani kapiga chafya, nani anasali sala iliyompita, yote yaliruka ukuta na kukukuta kitandani. Asubuhi nilikalia kibao cha mbuzi cha kukunia nazi uani, sahani ya mbaazi mapajani.

"Zimekaaje leo, Mwalimu?"

"Kwa nini unatia tui mara mbili, Bi Tatu?"

"Lahaula! Mie nakuuliza utamu, wewe waniuliza sababu. Iko siku maswali yako yatakutoa andazi mdomoni."

Chumba kilichopakana na changu kilikuwa cha Mwalimu Rajabu, mkuu wa shule yetu ya kati, ya darasa la tano hadi la nane. Watu walishangaa mkuu wa shule kupanga chumba. Alikuwa na nyumba nzima ya kota, lakini mkewe, Bi Zainabu, alipofariki mwaka uliotangulia, aliirudisha na kusema ni kubwa mno kwa mtu mmoja kufagia. Alikuwa mrefu, kaptura nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, soksi ndefu, tarbushi nyekundu kichwani. Ukimsalimia saa yoyote alijibu, "Salama salimini," kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Kanuni yake ya shule ilijengwa juu ya salamu. Kila asubuhi kwenye gwaride alisimama mbele ya safu na kunguruma, "Hamjambo, wanafunzi?" Shule nzima ikajibu, "Hatujambo, Bwana Mwalimu!" Kwake yeye hilo lilikuwa kama kiapo. Wiki yangu ya pili kijana mmoja wa darasa la sita alitapika katikati ya hesabu, homa imempanda, meno yanagongana. Mwalimu Rajabu akaitwa.

"Asubuhi nilikuuliza kama hujambo. Ulinijibuje?"

"Sijambo, Bwana."

"Na sasa?"

"Naumwa, Bwana."

"Basi ama ulisema uongo asubuhi, ama unasema uongo sasa. Chagua."

Yule kijana, kwa akili ya homa, akachagua asubuhi. Alichapwa fimbo mbili za uongo, halafu akaandikiwa cheti cha kwenda zahanati na kupewa mwenzake wa kumshika mkono. Nikatazama walimu wengine, nikatazama watoto, hakuna aliyeona ajabu. Katika chumba cha walimu nililipuka. "Bwana Mkuu, sijambo ni salamu, si ushahidi wa mahakamani!" Akamimina chai kwenye kisosi, akapuliza. "Neno ni neno, Bwana Hamidu. Asiyejua thamani ya neno asifundishe watoto kuzungumza."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu anayekimbia. Nilikuwa nimekamata kitu! Lugha yetu nzima, niliwaza, imejenga ukuta mbele ya mtu. Anayeulizwa hali hana jibu jingine ila zuri. Hata mwenye msiba hujibu njema kwanza, ndipo, kama una bahati na subira, anakuambia, "ila." Njema, ila mama kafariki. Salama, ila nyumba imeungua. Ukweli wote wa Mswahili, niliona, umelala nyuma ya neno hilo dogo, na sisi walimu tunaondoka kabla halijatamkwa.

Kesho yake niliingia darasa la nane, wale wa mtihani wa mwisho. Wakasimama. "Hamjambo?" "Hatujambo, Bwana Mwalimu!" Nikasema, "Waongo wakubwa." Darasa likapigwa na butwaa. Nikawaambia kuanzia leo, kabla ya somo, kila atakaye anijibu, lakini asiishie kwenye sijambo, aendelee mpaka kwenye ila. Wakatazamana. Selemani, mchekeshaji wa dawati la nyuma, akainuka. "Sijambo, Bwana, ila dada yangu anakoroma kama treni ya Kigoma." Wakaangua kicheko. Mwingine akasema hajambo ila viatu vinambana, mwingine hajambo ila anamwogopa mwalimu wa jiografia, na kicheko kikapungua pole pole, kama mvua inayohama mtaa, mpaka kijana mmoja akasema hajambo ila baba yake akirudi usiku wao hulala wima ukutani. Siku ile nilifundisha kuliko nilivyowahi kufundisha. Mikono ilipanda, waliuliza, walibishana na mimi! Mwezi haukwisha wakaliita Darasa la Ila, na wa darasa la saba wakaja dirishani kusikiliza.

Habari kama hizo hazikai darasani. Bwana Nasoro, mwenye duka wa asili ya Kiarabu ambaye mwanawe alikuwa darasani kwangu na alikwisha kusema ila yake ya nyumbani, alikuja shuleni na kanzu yake safi, hakukaa kwenye kiti alichopewa. "Mwalimu, mie nimekuletea mtoto umsomeshe. Mambo ya uani kwangu nani kakutuma uyaanike barabarani? Watu wanakuja kununua mchele wananiangalia macho!" Nikaanza kumweleza nadharia yangu. Akamgeukia Mwalimu Rajabu. "Huyu kijana kasoma sana, au hakusoma kabisa?"

Alipoondoka, Mwalimu Rajabu alifunga mlango. Nilitegemea kukemewa, lakini alizungumza taratibu. "Wazee wetu wana neno sitara. Ukimfunua mtu, Bwana Hamidu, uwe na nguo ya kumfunika. Wewe unayo?"

"Na ukimwacha amefunikwa, na chini ya nguo anaungua?"

"Nimekuuliza kama unayo nguo."

"Kwanza tujue anaungua wapi!"

"Basi huna," akasema, akafungua mlango.

Sikukubali, na hata leo sikubali yote. Lakini wiki hiyo hiyo jambo dogo lilinitatiza. Nilikuwa nikiamka alfajiri nikimsikia, ng'ambo ya ukuta usiofika bati, akizungumza na mtu. "Sijambo. Sijambo kabisa. Salama tu, nawe je? Aa, salama salimini." Halafu kimya, halafu tena, kwa sauti nyingine, changamfu zaidi. Nikadhani anajiandaa kwa mkaguzi wa Kizungu aliyesemekana yuko njiani. Nikamtania Bi Tatu uani, "Mgeni wa Bwana Mkuu anaamka mapema."

"Mgeni gani? Mlango wa mbele komeo nafungua mie. Hajaingia mtu."

Nilicheka. Nilikuwa na umri wa kucheka vitu kama hivyo.

Katika darasa la nane alikuwamo Athumani, kijana wa kama miaka kumi na sita aliyeishi kwa mjomba wake mtaa wa Mtoni. Mwaka ulipoanza ndiye aliyekuwa akinisahihisha hesabu ubaoni, tena kwa furaha ya wazi. Kisha akaanza kupungua. Sina neno jingine. Alikuja, akakaa, akafungua daftari, akaliangalia mpaka kengele. Uji wa mapumziko alimpa jirani. Walimu walikuwa na majibu tele: kiburi, bangi, mapenzi, kalogwa. Mjomba wake alimpeleka kwa mganga, akarudi na hirizi na macho yale yale. Katika Darasa la Ila hakuwahi kusimama, na mimi sikumlazimisha, nikangoja kwa hamu, nieleze kweli, kama mvuvi aliyeona uzi umetikisika. Asubuhi moja akasimama.

"Sijambo, Bwana," akasema polepole, "ila nimechoka kuwepo."

Selemani alifungua mdomo kwa mazoea akaufunga. Na mimi, Mwalimu Kwanini, nikauliza nilichojua kuuliza. "Kwa nini?" Athumani akafikiri kwa uaminifu kabisa, kama vile nimempa hesabu. "Sijui, Bwana. Nimetafuta sababu, sikuiona." Akakaa. Vijana wote wakanigeukia, wakingoja mwalimu mwenye shahada aseme linalofuata. Hapakuwa na linalofuata. Nikawaambia wafungue ukurasa fulani wa kitabu cha historia, nikamwomba Selemani asibanduke ubavuni mwa Athumani hata kwa kwenda chooni, nikaenda ofisini kwa mkuu karibu nikikimbia.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Niliona mkono wake ukielekea kona ya fimbo, nikajiandaa kuizuia, hata kama ni kwa kupigana. Mkono ulipita fimbo ukashika ukuta. Akaniuliza, "Alisema hivyo hivyo? Nimechoka kuwepo?"

"Hivyo hivyo."

Akavua tarbushi. Sikuwa nimewahi kuona kichwa chake kitupu. "Hata mie," akasema. "Maneno hayo hayo. Tangu Zainabu atangulie. Kila alfajiri nayasahihisha kabla sijafungua mlango." Nikakumbuka mgeni wangu wa ng'ambo ya ukuta, na kicheko changu, na nikaishiwa kabisa na maswali. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mlete stoo ya majembe. Darasani hapana. Mbele ya watu hapana."

Stoo ile ilinuka udongo mkavu na mafuta ya taa. Mwalimu Rajabu aligeuza karai akalikalia, magoti yake marefu karibu na masikio, akamwonyesha Athumani gunia la mbegu. Mimi nilisimama mlangoni kuzuia wapitao.

"Hujambo, Athumani?"

"Sijambo, Bwana."

"Mie pia sijambo, ila nimechoka kuwepo."

Athumani akainua uso. Nadhani alitafuta mtego, kwa sababu kwa mtu yule ilikuwa haki kutafuta mtego. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Sasa Bwana unafanyaje?"

"Nakuja shule," Mwalimu Rajabu akasema. "Nawachapa nyinyi."

Kitu kikapita usoni kwa kijana, si tabasamu, lakini kilikuwa njiani kwenda huko. "Na inasaidia?"

"Haisaidii hata kidogo."

Kisha Mwalimu Rajabu akamuuliza swali ambalo halikuwa katika kitabu changu chochote: "Umekula?" Hakula. Jana? Hakumbuki. "Wala mie," akasema mkuu wa shule. "Bwana Hamidu, hebu tuitie uji."

Ndivyo tulivyoanza zamu. Mimi na yeye, na baadaye mwalimu wa jiografia tuliyemweleza kidogo tu, tulipokezana kupita Mtoni kila asubuhi kumchukua Athumani kwa mjomba wake. Mjomba alikuwa na mashaka. "Kwani nyie walimu mnalipwa kumfuata?" Tukamwambia tunapita njia hiyo hiyo, uongo ambao Mwalimu Rajabu aliusema bila kupepesa jicho, yeye aliyewachapa watu kwa sijambo. Tukamwomba pia asimwache kijana nyumbani peke yake, akakubali. Kabla ya gwaride tulikaa stoo ile ile tukanywa uji, sisi na Athumani, na mpishi ni mwenye zamu. Darasa la Ila halikufa, lakini lilibadilika. Tulikubaliana, baada ya ugomvi mkali, kwamba darasani wataje ila za viatu na mikoromo, na mwenye ila nzito ajue mlango upi wa kubisha. Mimi nilitaka waseme yote. Yeye alitaka wasiseme lolote. Kila mmoja wetu aliondoka akiamini ameshindwa.

Na fimbo ya sijambo ilikoma. Hakutangaza. Siku moja gwarideni aliuliza, "Hamjambo?" wakajibu, na yeye hakuondoka. Akasimama tu, anangoja. Safu ikaanza kuyumba kwa wasiwasi, hata mtoto mdogo wa mbele akasema, "Ila mie tumbo." Akamnyooshea kidole njia ya zahanati, bila fimbo za uongo.

Nisiseme ilikuwa rahisi. Athumani alikunywa uji kama mtu anayelipa kodi, vijiko vichache, macho chini, wiki baada ya wiki. Kila usiku nililala nikiogopa asubuhi. Nilianza kukonda, nikaanza kuwafokea wanafunzi wengine kwa vitu vya kipuuzi, na mbaazi zikawa zinapoa mapajani mwangu. "Huyo mtoto mwamuuliza kila siku kama kala," Bi Tatu akaniambia, akininyang'anya sahani aipashe moto. "Na wewe nani anakuuliza? Au shahada inashibisha?" Nikamwambia sijambo. "Hujambo nini na mashavu hayo! Kaa hapo." Akakaa mbele yangu mpaka nimemaliza.

Alfajiri iliyofuata nikasikia tena ng'ambo ya ukuta, "Sijambo. Sijambo kabisa." Nikapaza sauti nikiwa kitandani: "Mie hunidanganyi, Bwana Mkuu!" Nikaona kazi yangu imekwisha. Kisha, kutoka upande wa pili, sauti ikasema, "Wala wewe hunidanganyi, unageukageuka kitandani tangu saa kumi." Nyumba nzima ikaamka kwa kicheko, na wapangaji wa mbele wakauliza kuna nini, na Bi Tatu akawajibu walimu wamepata wazimu. Baada ya siku ile tuliulizana kila asubuhi kupitia ukuta ule, na mmoja akisema leo hawezi, mwenzake alishika zamu yake ya Mtoni. Nimekuja kuhudhuria mafunzo mengi ya walimu tangu wakati huo, na sijasikia kanuni bora.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia zamu ya kupika ilikuwa yangu. Nilikuwa nimechelewa, moto ulinikataa, uji ukashika chini. Nikaumimina vikombeni hivyo hivyo, nikampa Mwalimu Rajabu, akaupokea kwa heshima kama dawa. Nikampa Athumani. Akaonja. Nikangoja kijiko cha pili na macho chini. Badala yake akakishusha kikombe kando ya mpini wa jembe, akamtazama Mwalimu Rajabu, kisha akanitazama mimi, moja kwa moja, kwa hasira hai kabisa.

"Nani kapika hiki?"

"Mimi," nikasema.

"Bwana, hiki si uji, hii gundi. Umeunguza halafu hukutia hata sukari!" Alikuwa ananifokea mwalimu wake mbele ya mkuu wa shule. "Wiki nzima tunakunywa maji ya unga humu ndani tunanyamaza. Kesho tieni sukari, basi!"

Mwalimu Rajabu alianza kucheka puani, kisha mabegani, kisha karai likateleza na yeye akaenda nalo chini, tarbushi huku, miguu kule, uji wangu kifuani, akicheka hadi machozi. Athumani akaduwaa, akaomba radhi, akaanza kumwinua, naye akachekea kwapani mwa mkuu wa shule. Mimi nilishatoka. Nilichukua baiskeli iliyokuwa imeegemea ukutani, sikumbuki ilikuwa ya nani, nikakanyaga mbio kuelekea madukani kununua sukari, nikipiga kengele njia nzima ingawa barabara ilikuwa tupu na hapakuwa na mtu wa kunipisha.